Sindano zimegoma, je, shubiri itaokoa kuku wetu?

JOGOO wa jirani yangu hakuwika asubuhi ile. Aliyekuja ni mwenye jogoo, akanigongea mlango kabla hakujapambazuka vizuri, amebeba chupa mbili ndani ya kapu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mama. Kulikoni alfajiri yote hii?"

"Kuku wanaisha. Naomba uniambie, nitumie ipi kati ya hizi?"

Chupa ya kwanza ilikuwa ya sindano, ile dawa ya rangi ya manjano ambayo wafugaji wengi wa huku tunaiita OTC, yaani oksitetrasaiklini. Alikwisha kuitumia siku nne na kuku waliendelea kufa. Chupa ya pili ilikuwa chupa ya soda iliyojazwa maji ya kijani yenye povu, aliyouziwa mnadani na kijana mwenye kipaza sauti. Kijana huyo alisema ni dawa asilia inayoua hata bakteria sugu walioshindikana hospitali. Chupa haikuwa na jina la mti, haikuwa na tarehe, haikuwa na kipimo. Mama alielezwa tu kwamba atie "kiasi" kwenye maji ya kunywa.

Ndugu msomaji, kwa mtu wa mjini kuku ni kitoweo. Kwa mama huyu wa Kasanga kuku ndio benki. Jogoo mmoja akiuzwa bandarini ni daftari na sare za shule, mitetea miwili ni mbegu za mahindi na nauli ya kwenda Matai. Kwa hiyo swali lake lilikuwa la mtu anayetazama akiba yake ikizikwa shimoni, na ndilo linaloulizwa sasa na wafugaji wengi kuanzia huku ziwani hadi juu Sumbawanga. Dawa za dukani zinagoma. Je, miti itatuokoa?

Nimeona nilijibu swali hilo hadharani, kwa sababu naona wafanyabiashara wa pande zote mbili wanatujibia kwa namna inayowafaa wao.

Tuanze na sindano, maana huko ndiko ugonjwa ulikoanzia.

Antibayotiki, au viuavijasumu kama wataalamu wetu wa lugha wanavyoviita, ni dawa za kuua bakteria au kuwazuia wasizaliane. Haziui virusi. Jambo hili linasemwa kila siku redioni lakini bado kijijini mdondo ukiingia, ule ambao wengine wanauita kideri, jambo la kwanza ni kukimbilia OTC au kufungua kapsuli za binadamu na kuzimwaga kwenye maji ya kuku. Mdondo ni wa virusi. Ukitibu mdondo kwa tetrasaiklini umetupa fedha, na zaidi ya hapo umewafundisha bakteria waliomo tumboni mwa kuku wako jinsi ya kuishi na dawa hiyo.

Wanafundishwaje? Mkulima yeyote anaelewa. Ukilima shamba ukafyeka magugu juu juu ukaacha mizizi, msimu ujao yanaota yale tu yaliyovumilia jembe. Bakteria aina ya E. koli akiwa mahali pazuri anaweza kujigawa mara mbili kila baada ya dakika 20, hivyo msimu wake ni mfupi kuliko muda wa kuchemsha maharage. Wanyonge wakiuawa na dozi ndogo, wanaobaki ni wababe na wanazaana peke yao bila kushindania chakula na mtu. Kibaya zaidi ni kwamba ubabe huo hawawarithishi watoto wao tu. Wana namna ya kumpa hata bakteria jirani, wa jamii nyingine kabisa, kipande cha maelekezo ya jinsi ya kuishinda dawa. Hivyo anayejifunza tumboni mwa kuku anaweza kumfundisha anayeishi tumboni mwa mtoto.

Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alitoa onyo hilo mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel: kwamba mtu akitumia dozi ndogo isiyotosha, atawazoesha vimelea. Miaka imepita, na utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2022 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walifariki moja kwa moja kwa sababu ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa. Hao ni watu, si kuku.

Sasa tazama tunavyofanya sisi. Chupa moja tunachangia watu watatu. Sindano inayotakiwa kutolewa kwa uzito wa mnyama tunaikadiria kwa macho. Kuku akisimama siku ya pili tunaacha, dawa iliyobaki tunamwekea ndama. Wiki hiyo hiyo yule kuku aliyechomwa anapelekwa kwa mama lishe, wakati kibandiko cha chupa kimeandika wazi siku za kusubiri kabla nyama au mayai hayajaliwa. Sisemi hivi kuwasimanga wenzangu, na mimi nimo. Nimewahi kuuza mtetea wa namna hiyo na fedha yake nikaila.

Ni katika hali hiyo ndipo anapoingia kijana mwenye kipaza sauti, na namwelewa anavyopata wateja. Watanzania tunaamini miti. Mwaka 2011 taifa zima lilielekea Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile, aliyekuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Misururu ya magari ilikuwa ya kilometa na kilometa, na wapo walioacha dawa zao za hospitali. Nasi tunaokaa karibu na Sumbawanga, mji ambao jina lake watu wanalifasiri kuwa ni "tupa uchawi", hatuhitaji kufundishwa na mtu kuheshimu waganga. Ila niseme jambo moja la kumtetea Babu wa Loliondo: yeye angalau alikuwa na kikombe. Kila mtu alipata kipimo kile kile. Kijana wa mnadani hana hata hicho.

Je, ni uongo basi kwamba miti inaua bakteria? Hapana. Na hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wataalamu wetu wanaocheka wakisikia neno shubiri.

Mwaka 2002 kulichapishwa utafiti uliofanyika hapa hapa Tanzania, ukiwahusisha wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Walichukua utomvu wa aina moja ya shubiri mwitu, inayoitwa kitaalamu Aloe secundiflora, wakaujaribu kwa kuku wa kienyeji walioambukizwa kwa makusudi bakteria wa homa ya matumbo ya kuku. Kuku wagonjwa waliopewa shubiri walikufa wachache kuliko wasiopewa. Watafiti hao hao walijaribu pia kwa mdondo, na huko ilionekana kwamba kuku walionyweshwa shubiri wiki mbili kabla ya kuambukizwa walikuwa na nafuu kuliko waliopewa ugonjwa ulipoanza.

Naomba msomaji asome maneno hayo polepole. Walikufa wachache. Haikuandikwa kwamba hawakufa. Na kwa upande wa mdondo, shubiri ilifaa zaidi ilipotangulia ugonjwa. Sisi tunafanya kinyume: tunasubiri kuku alaze shingo, ndipo tunakimbia porini na panga.

Jambo la pili ni kwamba walitumia aina moja inayojulikana. Nchi hii ina aina nyingi sana za shubiri. Ile ya kwenye chungu barazani, alovera, si hiyo iliyojaribiwa Morogoro. Na inayoota kwenye miamba ya ziwa hapa Kasanga, mita zipatazo 770 kutoka usawa wa bahari na jua lake kali, huenda isiwe sawa na ya kwenye baridi ya Ufipa juu, zaidi ya mita 1,700. Mmea hutengeneza sumu zake kufuatana na aina yake, udongo, msimu na umri wa jani. Mkulima wa kahawa anajua kwamba ladha hubadilika kutoka kilima hadi kilima. Dawa nayo ni hivyo hivyo, na tofauti yake ni kwamba ladha ikipungua hafi mtu.

Halafu kuna namna ya kuitengeneza. Hapa nitachukua nafasi kidogo, maana ndipo wengi tunapopotea.

Wakati wa vita vya Vietnam wanasayansi wa China walitafuta dawa ya malaria katika vitabu vyao vya kale. Mama mmoja, Tu Youyou, alikuwa na mmea wa artemisia ambao kila alipouchemsha haukutoa matokeo ya kueleweka. Akarudi kwenye maandishi ya wazee, akaona walisema uloweke kwenye maji na kuukamua, hawakusema uchemshe. Akabadilisha, akatumia kimiminika kinachochemka kwenye moto mdogo, na dawa ikapatikana. Moto ulikuwa unaiua. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel, na dawa mseto ya malaria unayopewa zahanati imetokana na mmea huo. Kaskazini mwa nchi yetu wapo wakulima waliowahi kuulima kama zao la biashara.

Nimelitaja hilo kwa sababu kijiji kizima tunachemsha. Mwarobaini tunachemsha, majani ya mpera tunachemsha, kitunguu saumu tunachemsha, wakati ile nguvu ya kitunguu saumu inayoua bakteria hutokea kinapopondwa kikiwa kibichi na hupungua kikipata moto. Miti mingine ni kweli inataka moto. Mingine haitoi kitu kwenye maji mpaka ilowekwe kwenye spiriti. Bibi zetu walijua upi ni upi kwa mti walioutumia maisha yao yote. Kijana wa mnadani anachemsha yote kwenye pipa moja.

Na hadithi ya artemisia haijaishia hapo. Dalili za vimelea vya malaria kuanza kuizoea dawa hiyo zimethibitishwa katika nchi kadhaa za eneo letu zikiwemo Rwanda na Uganda, na hapa kwetu katika Mkoa wa Kagera. Kwa hiyo anayekwambia kwamba dawa ikitoka kwenye mti vimelea hawaizoei, anakudanganya. Wanaizoea. Kimelea hajui kama sumu imetoka kiwandani au porini.

Nimesikia pia watu wakinukuu kwamba mti fulani "umeua bakteria sugu maabara". Ni vizuri mfanyabiashara ajue maana ya maneno hayo. Mtaalamu hupaka bakteria juu ya sahani yenye chakula chao kilichoganda kama uji wa jana, kisha huweka kijikaratasi kilicholoweshwa maji ya mti. Kesho yake akikuta duara safi kuzunguka kijikaratasi, ameona kwamba kuna kitu kinachoua. Huo ni mwanzo mzuri wa kazi. Lakini hata maji ya ndimu na spiriti ya kuwashia taa zinaweza kutoa duara, na hakuna atakayemchoma kuku spiriti. Kati ya sahani na kuku pana tumbo, ini na damu. Dawa inaweza kuyeyushwa kabla haijafika, au kuhitajika kwa wingi ambao utamuua kuku kabla ya bakteria. Wavuvi wa ziwa hili wanaujua utupa na jinsi unavyolewesha samaki. Nao ni mti wa asili.

Mwaka 2015 Waingereza wa Chuo Kikuu cha Nottingham walifungua kitabu chao cha waganga cha miaka 1,000 iliyopita, wakatengeneza dawa ya macho ya humo ndani: kitunguu saumu, jamii nyingine ya kitunguu, mvinyo, na nyongo ya ng'ombe, vikakaa pamoja siku tisa. Iliua bakteria sugu wa vidonda anayesumbua hospitali za kwao. Baadaye walipojaribu kuondoa kiungo kimoja kimoja, nguvu ilipungua. Mwaka 2000 Wamarekani nao walieleza kwamba mmea uitwao Berberis una kitu kinachoua bakteria, na kando yake una kitu kingine kisichoua chochote bali kinaziba ile pampu ambayo bakteria huitumia kuitapika dawa. Viwili vikikutana, bakteria hana pa kutokea.

Binafsi naona hapo ndipo penye tumaini kubwa kuliko pale penye kelele. Huenda kazi kubwa ya miti isiwe kuifukuza sindano. Huenda ikawa ni kuirudishia sindano makali yake, na kuifanya ihitajike mara chache. Wazungu wenyewe wamekwenda njia hiyo. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku kuchanganya antibayotiki kwenye chakula cha mifugo kwa ajili ya kuikuza haraka, kuanzia Januari 1, 2006. Wafugaji walilia kwamba watafilisika. Wenye viwanda vya vyakula wakageukia, pamoja na mambo mengine, mafuta ya mimea: oregano, mdalasini, hata karafuu, ile ile ya Pemba. Lakini waliyaongeza kwenye mabanda safi, chanjo na maji salama. Hawakumwaga mafuta ya karafuu juu ya kinyesi cha mwezi mzima wakangoja miujiza. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani nalo likawataka wafugaji wa dunia nzima waache kuwapa antibayotiki wanyama wazima kwa ajili ya kuwakuza au kwa kinga ya jumla.

Turudi kwa jirani yangu na kapu lake.

Nilimwambia sijui nimjibu nini mpaka tujue kuku wanakufa kwa nini, tukamwita bwana mifugo. Alimpasua mmoja aliyekufa usiku ule. Alitafuta vitu viwili, na ni vizuri kila mfugaji avijue. Mdondo mara nyingi huacha madoa ya damu kwenye tumbo dogo linalotangulia firigisi. Homa ya matumbo huvimbisha ini na kulipa rangi ya shaba, kama sufuria ya zamani. Ini la kuku yule lilikuwa la shaba. Kwa hiyo safari hii walikuwa bakteria kweli, na OTC ilistahili kufanya kazi. Ilikuwa imegoma kwa sababu mama, kama sisi wote, alikuwa ameitumia nusu nusu kila mwezi kwa kila kikohozi.

Alishauriwa abadilishe dawa, kwa dozi kamili na siku kamili. Awatenge wagonjwa, achome mizoga badala ya kuwatupia mbwa, amwage maji ya vyombo vyote na kusugua. Shubiri? Bwana mifugo alicheka, mimi sikucheka. Tuliwapa shubiri wale ambao walikuwa bado wazima, kwenye maji, ikiwa mbichi, tukiandika kila siku ni kiasi gani. Waliobaki hai ni sita. Sitathubutu kusema ni nini kilichowaokoa, maana vitu vingi vilifanyika kwa pamoja.

Baadaye nilijaribu kwangu kwa utaratibu. Niligawa vifaranga wa umri mmoja mafungu mawili, chakula kimoja, banda moja lenye ukuta katikati, upande mmoja shubiri upande mwingine maji matupu. Mwisho wa msimu tofauti ilikuwa ya kuku wawili, na kuku wawili anaweza kuwachukua kicheche. Nimeeleza hilo kwa sababu kila ninayemuuliza kuhusu shubiri ananiambia "mimi niliwapa wakapona wote", na hakuna hata mmoja aliyeacha fungu la kulinganisha.

Sasa nina maombi kwa makundi matatu, na sitayapa uzito sawa.

Kwa wafugaji wenzangu ni fupi. Mdondo una chanjo. Ile ya I-2, inayotengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) kule Kibaha, inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, inadondoshwa tone moja kwenye jicho kila baada ya miezi mitatu, na kichupa kimoja kinahudumia kuku zaidi ya mia. Kaya kumi zikichanga, gharama kwa kuku mmoja haifiki hata bei ya yai. Kila kuku aliyechanjwa ni chupa moja ya OTC ambayo haikufunguliwa bure. Shubiri yako iendelee, ila iwe kabla, iwe na kipimo, na isimzuie mtu kumwita mtaalamu.

Kwa wataalamu nina lawama kidogo. Taasisi ya Tiba Asilia ya Muhimbili ilianza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ilipitishwa mwaka 2002, mwaka ule ule wa utafiti wa shubiri. Taifa limekuwa na mpango wa kupambana na usugu wa dawa tangu 2017. Hayo yote ni mazuri, lakini mama wa Kasanga hayamfikii. Utafiti uliofanyika kwa kuku wa Tanzania, na SUA ikiwemo, ulichapishwa kwa Kiingereza katika jarida la nje, na mfugaji ambaye kuku wake ndio waliokufa kwenye majaribio hajawahi kusomewa. Kwa nini hakuna karatasi moja ya Kiswahili ukutani kwenye ofisi ya kijiji inayosema shubiri ipi, kiasi gani, siku ngapi, na wapi haifai kabisa? Na kwa nini miti ya Ufipa haijapangiwa zamu yake?

Najua pia kwamba wazee wetu wanaficha miti, na siwalaumu. Mtu anakuja na gari, anaonyeshwa jani, anaondoka nalo, harudi. Mtafiti anayetaka jani la Ufipa aje na makubaliano ya maandishi mbele ya serikali ya kijiji, jina la mzee liandikwe, na majibu yarudishwe hata kama ni majibu ya kwamba mti haufai.

Kundi la tatu ni wafanyabiashara, na kwao ndiko nataka kukaa zaidi, kwa kuwa gazeti hili linasomwa sokoni.

Dawa za miti ni biashara halali na inaweza kuwa kubwa. Lakini bidhaa isiyo na jina wala kipimo haijengi mteja, inamla mteja mmoja mmoja. Dawa asili za binadamu zina baraza lake la kuzisajili. Dawa za mifugo zinasimamiwa na TMDA, mamlaka ambayo hadi mwaka 2019 tuliijua kama TFDA. Chupa ya soda ya mnadani haina namba ya huyu wala ya yule. Siku kuku wa kijiji kizima watakapokufa, mwenye chupa hatakuwa na karatasi ya kujitetea, na muuzaji mwaminifu aliyeko meza ya pili atachomwa pamoja naye.

Kuna na hili ambalo wengi hawalijui. Shubiri za porini za aina zote, ukiacha ile alovera ya bustani, zimo katika mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe vilivyo hatarini, unaoitwa CITES. Maana yake ni kwamba ukipakia magunia ya shubiri mwitu au utomvu wake kwenye boti kwenda Mpulungu, Zambia, au Moba, Kongo, bila kibali, unavusha magendo hata kama kichaka ulikikata nyuma ya nyumba ya baba yako. Anayeona soko ng'ambo ya ziwa aanze kwa kupanda. Shubiri inaota kwenye mawe ambako mahindi yamekataa, na iliyopandwa unaijua ni aina gani, imekatwa lini, na kila jani linafanana na mwenzake. Huo ndio mtaji wa kukuwezesha hata kupeleka sampuli maabara, maana maabara haiwezi kupima "majani ya porini".

Kijana mwenye kipaza sauti alirudi mnada uliofuata. Nilimsogelea kwa heshima, nikamwambia mimi ni mteja, naomba aniambie mambo matatu: ni mti gani, ameutengenezaje, na kuku mmoja anywe kiasi gani. Kwanza alinitajia bei. Nilipomrudia kwa mara ya pili alipunguza sauti, akaniambia kwa kweli majani huwa anakatiwa na shangazi yake huko bondeni na yeye anauza tu. Tukakubaliana kwamba mnada ujao amlete shangazi, ama alete tawi lenye maua. Bwana mifugo nimekwisha kumwarifu, na jirani yangu amesema atakuja na daftari.

Mnada ni Jumamosi.